Gari Hulia Kabla ya Kuharibika

Barabara ya lami itokayo mjini Embu yateremka hata Kiritiri, katika nchi kavu ya Mbeere, kisha yaendelea kuelekea upande wa mabwawa ya mto Tana. Gari lishukapo hutegemea breki zake. Na lirudipo Embu limebeba magunia ya ndengu, maembe au miraa ya muguka, taabu huwa ya injini. Nje ya lami ziko njia za murramu zenye mashimo, mawe na vumbi. Katika nchi ya namna hiyo hakuna sehemu ya gari isiyojaribiwa, na likiharibikia njiani huenda fundi yu mbali. Kwa hiyo ni faida kubwa kwa dereva kujua maana ya sauti za gari lake.

Wafugaji wa nyuki hutambua hali ya mzinga kwa kusikiliza mvumo wake kabla hawajaufungua. Dereva naye yampasa kulizoea gari lake vivyo hivyo, wala si lazima awe fundi. Jambo la kwanza ni kuijua sauti ya gari likiwa zima, kwa maana asiyeijua sauti ya afya hawezi kuitambua ya ugonjwa. Yafaa basi, kila asubuhi, redio izimwe na dirisha lifunguliwe kwa mwendo wa dakika chache za kwanza.

Jambo la pili, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kujiuliza: Sauti hii yaja wakati gani? Wengi hukazana kutafuta inakotoka, ilhali sauti husafiri katika bati na chuma ikampoteza msikilizaji. Wakati ndio humwonyesha dereva pa kuanzia.

Ikiwa sauti yazidi injini inapoongezwa moto hali gari limesimama, basi kasoro imo katika injini yenyewe au katika vyombo viendeshwavyo nayo. Mlio mkali na mwembamba usikiwao asubuhi, kisha ukakoma, mara nyingi hutokana na mkanda uliolegea au kuchakaa. Mkanda huo huzungusha mtambo utiao betri umeme, na katika magari mengi huzungusha pampu ya maji pia. Ukikatika, injini yaweza kupata joto la kuiharibu kabisa.

Sauti nyepesi ya kugonga upesi upesi kutoka sehemu ya juu ya injini yaweza kuwa dalili ya upungufu wa oili. Gari lisimamishwe mahali pa tambarare, injini izimwe, dakika chache zipite, kisha kijiti cha oili kitazamwe. Lakini kugonga kuzito, kama nyundo ipigayo ndani ya pipa, kuzidiko gari lipandapo mlima na mzigo, ni habari nyingine. Huenda beringi za ndani ya injini zimekwisha. Ikiwa taa nyekundu ya oili imewaka pia, injini na izimwe mara moja, na gari livutwe. Dereva asemaye kwamba atafika Embu kwanza aweza kujikuta akinunua injini nzima, hali labda ingalitosha kubadilisha beringi chache.

Ikiwa sauti yafuata mwendo wa magurudumu, wala si mwendo wa injini, dereva atazame chini. Mvumo mzito uzidio kadiri gari linavyokwenda kasi aghalabu ni wa beringi ya gurudumu, ingawa tairi iliyolika vibaya nayo huvuma. Gari lipindapo kulia, uzito huegemea magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo ishukiwe kwanza. Na katika magari yavutwayo na magurudumu ya mbele, sauti ya ta-ta-ta usukani ukikatwa sana yaonyesha kuwa kiungo cha mhimili kimelika. Kiungo hicho hufunikwa kwa mpira. Jiwe likiupasua, grisi hutoka na vumbi huingia. Mpira uliopasuka ukibadilishwa mapema, kiungo chaweza kupona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Gurudumu likianza kugonga muda mfupi baada ya kubadilishwa, nati zishukiwe. Gari lisimame pale pale, nati zikazwe. Desturi njema ni kuzikaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100, hata kama hapana sauti yoyote. Na kugonga kusikiwako gari lipitapo mashimoni kwaweza kuwa kwa shokamzoba au bushi zilizochakaa. Lakini kwaweza pia kuwa kwa viungo vya usukani, navyo vikikatika gurudumu hulala na dereva hana tena la kufanya. Kwa hiyo sauti hiyo isizoelewe.

Sauti za breki ndizo zisizostahimili kungoja. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi: pedi ikikaribia kwisha, kibati hugusa diski na kulia kwa mlio mwembamba. Huo ni ujumbe wa mapema, na gharama yake ni pedi tu. Dereva akipuuza, hufuata sauti ya kukwaruza, chuma juu ya chuma. Hapo diski inaliwa, na nguvu ya kusimamisha gari yapungua. Gari la namna hiyo lisishuke mteremko wowote, hata kama abiria wamekwisha kulipa nauli.

Iko na sauti idharauliwayo: ngurumo ya bomba la moshi lililotoboka. Wako vijana waipendao. Lakini katika moshi wa petroli na dizeli imo hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu. Ikiingia ndani ya gari huleta kichwa kuuma na usingizi, na yaweza kuua. Tundu hilo na lizibwe upesi.

Hata hivyo si kila sauti ni ugonjwa. Chuma kipoacho baada ya safari hulia kidogo kidogo, na feni ya rejeta katika magari mengi huendelea kuzunguka injini ikiisha kuzimwa. Magari yenye breki zizuiazo magurudumu kuteleza hutetemesha kanyagio na kukwaruza dereva akanyagapo kwa ghafula. Hapo asiachie breki.

Nchini Kenya, magari ya abiria na ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Lakini mkaguzi huliona gari siku moja, na dereva huwa nalo siku zote zilizobaki. Basi asikiapo jambo jipya, aandike katika kijitabu: ilikuwa wakati gani, mwendo kiasi gani, injini ya baridi au ya moto, gari tupu au lenye mzigo, likipinda upande gani. Fundi aambiwaye tu kwamba gari linalia huanza kubahatisha, na mwenye gari hulipia kila spea iliyobadilishwa bure. Aletewaye maelezo kamili hujua mahali pa kuanzia.