Ifahamu Dalmatia: Pwani ya Kroatia Ambako Urithi wa Dunia Ni Makazi ya Watu

Dalmatia ni ukanda wa pwani ulioko kusini mwa Kroatia, kando ya Bahari ya Adria. Eneo hilo linaundwa na mikoa minne, ambayo ni Zadar, Šibenik-Knin, Split-Dalmatia na Dubrovnik-Neretva. Nyuma yake ipo safu ya milima ya mawe ya chokaa, na mbele yake vimetapakaa visiwa. Kroatia yote ina visiwa zaidi ya 1,000, vikubwa na vidogo, na vilivyo vingi havina wakazi.

Katika ukanda huo mwembamba yapo maeneo kadhaa yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO). Sehemu kubwa ya maeneo hayo si magofu yaliyozungushiwa uzio. Ni miji ambamo watu wanalala, wanafua nguo, wanafanya biashara na kusali. Hali hiyo ndiyo fahari ya Dalmatia, na ndiyo pia chanzo cha changamoto inayoikabili hivi sasa: namna ya kupokea wageni wengi pasipo kuwapoteza wenyeji.

Zadar na Šibenik

Kwa msafiri anayetoka kaskazini, Zadar ndio mji mkubwa wa kwanza. Katikati yake upo uwanja wa mikutano wa enzi za Dola ya Roma, na pembeni limesimama Kanisa la Mtakatifu Donatus la karne ya 9, ambalo lilijengwa kwa kutumia pia mawe yaliyochukuliwa katika uwanja huo. Mji huo uliharibiwa vibaya na mabomu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 2005, ukingo wake wa bahari ulipata kivutio kipya kilichobuniwa na msanifu majengo Nikola Bašić: kinanda cha bahari. Chini ya ngazi za mawe yamewekwa mabomba 35. Mawimbi yanaposukuma hewa ndani ya mabomba hayo, sauti za muziki husikika mchana na usiku.

Kusini zaidi upo mji wa Šibenik, wenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1431 na kuchukua zaidi ya miaka 100. Kanisa hilo, pamoja na kuba na paa lake, limejengwa kwa mawe matupu, na ukuta wake wa nje umechongwa nyuso za binadamu zaidi ya 70. UNESCO ililiingiza katika orodha yake mwaka 2000.

Si mbali na mji huo yapo maporomoko ya Mto Krka, ambayo tangu mwaka 1895 yalitumika kuzalisha umeme wa kuangaza mitaa ya Šibenik. Leo maporomoko hayo yamo ndani ya hifadhi ya taifa. Kuanzia Januari 2021, kuogelea katika poromoko maarufu la Skradinski buk kumepigwa marufuku ili kulinda miamba laini ambayo mto wenyewe huijenga kidogo kidogo kwa madini ya chokaa.

Trogir na Split

Trogir ni mji mdogo uliojengwa juu ya kisiwa kilichoungwa na bara kwa daraja. Mlango wa kanisa lake kuu ulichongwa na fundi Radovan mwaka 1240, na mji wa kale wote uliorodheshwa na UNESCO mwaka 1997.

Umbali mfupi kutoka hapo upo Split, mji wa pili kwa ukubwa nchini Kroatia baada ya Zagreb, wenye wakazi wapatao 160,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021. Kiini chake ni kasri ambalo Kaizari Diocletian wa Roma alijijengea ili akae baada ya kung'atuka madarakani mwaka 305. Katika karne ya 7, wakazi wa mji jirani wa Salona walikimbia uvamizi na kujihifadhi ndani ya kuta za kasri hilo. Hawakuondoka tena. Vyumba vya kifalme vikagawanywa kuwa nyumba, njia za walinzi zikawa vichochoro, na kaburi la Kaizari, aliyewatesa Wakristo enzi za utawala wake, likageuzwa kuwa kanisa kuu. Ndani ya kasri hilo bado kuna nyumba za kuishi, maduka na migahawa.

Visiwa na vijiji

Maisha ya Dalmatia hayaishii mijini. Katika kisiwa cha Hvar upo uwanda wa Stari Grad, ambao Wagiriki waliuwekea mipaka ya mashamba katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Mipaka hiyo ya kuta za mawe bado inaonekana, na wakulima wanaendelea kulima mizabibu na mizeituni ile ile iliyolimwa zamani. Kisiwa jirani cha Brač kinajulikana kwa mawe yake meupe, na katika kijiji cha Pučišća ipo shule inayowafundisha vijana uchongaji wa mawe kwa zana za mkono.

Kwenye shingo ya rasi ya Pelješac upo mji mdogo wa Ston, uliozungushiwa kuta zenye urefu unaozidi kilomita 5. Kuta hizo zilianza kujengwa katika karne ya 14 kulinda mashamba ya chumvi, bidhaa iliyoiingizia Jamhuri ya Dubrovnik mapato makubwa. Chumvi huvunwa hapo hadi leo.

Rasi hiyo sasa ina daraja lenye urefu wa mita 2,404, lililofunguliwa Julai 2022 kwa ufadhili mkubwa wa Umoja wa Ulaya. Umuhimu wake unatokana na ramani: Bosnia na Herzegovina inaifikia bahari kupitia mji wa Neum, na kipande hicho kifupi cha pwani huitenga Dubrovnik na sehemu nyingine ya Kroatia. Kabla ya daraja hilo, mkazi wa Dubrovnik aliyesafiri kwa barabara kwenda Split alilazimika kuvuka mipaka ya kimataifa mara mbili ndani ya nchi yake mwenyewe.

Dubrovnik: mji unaotafuta kipimo

Dubrovnik ndio mji mashuhuri kuliko yote ya Dalmatia. Ulikuwa jamhuri iliyojitawala kwa karne nyingi hadi ilipofutwa na Wafaransa mwaka 1808. Mwaka 1377 uliweka sheria iliyowataka wasafiri kutoka maeneo yenye tauni kukaa mahali pa kutengwa kwa siku 30, moja ya chimbuko la karantini. Mwaka 1416 ulipiga marufuku biashara ya watumwa. Tetemeko la ardhi la mwaka 1667 liliubomoa, nao ukajengwa upya.

Mwaka 1991, katika vita vya kuvunjika kwa Yugoslavia, mji huo ulizingirwa na kupigwa mizinga, na zaidi ya nusu ya majengo ya mji wa kale yalipigwa. UNESCO iliuweka katika Orodha ya Urithi wa Dunia Ulio Hatarini hadi mwaka 1998. Anayetembea juu ya ukuta wake wenye urefu wa mita 1,940 huyatambua mapaa yaliyokarabatiwa kwa wekundu wa vigae vyake vipya.

Hatari iliyofuata haikuja na mizinga. Meli kubwa za kitalii zilianza kushusha maelfu ya wageni kwa saa chache, nyumba zikageuzwa vyumba vya kupangisha, na kodi zikapanda. Wakazi wa mji wa kale, waliokuwa takriban 5,000 mwaka 1991, sasa hawafikii 2,000. Baada ya wataalamu wa UNESCO kushauri kuwa wageni ndani ya kuta wasizidi 8,000 kwa siku, uongozi wa mji ulichukua hatua: meli zisizidi mbili kwa wakati mmoja, abiria wake wasizidi 4,000, na wanaoingia malangoni wahesabiwe kwa mitambo maalumu.

Somo la Dalmatia linahusu pia pwani ya Afrika Mashariki. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwahi kuwemo katika orodha hiyo hiyo ya urithi ulio hatarini, kuanzia mwaka 2004 hadi 2014, kabla ya kuondolewa kutokana na kazi ya uhifadhi. Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu, kama Split na Dubrovnik, ni urithi wenye watu ndani yake. Kuta hukarabatiwa kwa chokaa na ufundi, lakini mtaa uliohamwa na wenyewe haurudishwi na fundi yeyote.