Land Rover Kuukuu: Mtaji au Mzigo?

Mfanyabiashara anayetafuta gari la kazi, la kupeleka mzigo porini na kurudi nao, hachelewi kufikishwa na dalali mbele ya Land Rover yenye umri wa miaka 25 au 30. Bei anayotajiwa humshangaza, kwani kwa fedha hizo angeweza kupata pikapu ya Kijapani yenye umri mdogo zaidi. Dalali naye ana jibu moja: gari hili halifi.

Jibu hilo lina ukweli, ila si ukweli wote. Land Rover ya zamani ni bidhaa ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza Januari 2016, soko lake kubwa la kazi lilikwishachukuliwa na Toyota miaka mingi kabla ya hapo, na bado zile zilizo nzima hazishuki bei kama magari mengine ya rika lake. Anayetaka kuweka fedha zake humo anapaswa kujua ananunua nini hasa.

CHANZO NI UHABA WA CHUMA

Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na madeni, na chuma kiligawiwa kwa kibali. Kiwanda kilichouza bidhaa nje na kuleta fedha za kigeni ndicho kilichofikiriwa kwanza. Kampuni ya Rover, iliyozoea kutengeneza magari ya starehe, ilikuwa na kiwanda kikubwa mjini Solihull na chuma kidogo cha kukilisha. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, ambako alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Jeep ilikuwa imechoka. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa akiiongoza kampuni, wakaamua kutengeneza gari la aina hiyo la kwao, liivushe kampuni katika kipindi kigumu na basi.

Bodi ilifanywa kwa aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine, kwa sababu hiyo haikuwa na mgawo. Ni jamaa wa bati la sufuria: haipati kutu, na fundi mwenye nyundo anaweza kuinyoosha. Vipande vingi vilikuwa bapa ili kampuni isiingie gharama ya mashine kubwa za kukunja bati. Chesisi ilichomelewa kwa mabamba ya chuma. Gari la kwanza la majaribio liliwekwa usukani katikati kama trekta, wazo lililoachwa upesi.

Land Rover ilionyeshwa hadharani Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, kwa bei ya pauni 450. Iliuzwa kama chombo cha shamba: injini iliweza kuunganishwa na mashine nyingine na kuzungusha msumeno, pampu ya maji au mashine ya kusaga. Muda haukupita mrefu ikayapita kwa mauzo magari ya starehe ya kampuni hiyohiyo. Ya 500,000 ilitoka kiwandani mwaka 1966, na ya milioni moja mwaka 1976. Sehemu kubwa ilikwenda ng'ambo.

ILIVYOINGIA NA ILIVYOTOLEWA

Afrika Mashariki haikuwa na mwaliko bora zaidi ya barabara zake. Polisi, misheni, mashamba ya mkonge na idara za wanyamapori zilikuwa nazo tangu enzi ya mkoloni, na baada ya uhuru mkuu wa wilaya na bwana shamba wakazirithi. Ile ndefu iliyozoeleka kama 109 ilipata jina kutokana na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani inchi 109. Miaka ya 1970 Leyland, iliyokuwa imeinunua Rover mwaka 1967, ilishirikiana na serikali ya Kenya kuweka kiwanda cha kuunganisha magari Thika, na Land Rover zikatoka hapo. Kiwanda hicho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers.

Hapa ndipo hesabu ilipoharibika, na kosa halikuwa la gari peke yake. British Leyland, iliyoundwa mwaka 1968, ilikuwa mkusanyiko wa viwanda vingi ambavyo vingine vilikuwa vikila hasara. Land Rover ilileta faida, na faida hiyo ikaziba mashimo ya magari madogo badala ya kurudi kupanua kiwanda na kutengeneza injini kubwa zaidi. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ililazimika kuitwaa kampuni yote. Wateja wa ng'ambo walisubiri magari kwa muda mrefu, na wale waliopata walikuta injini ileile ya lita 2.25 ikihema milimani huku ekseli za nyuma zikivunjika chini ya mzigo.

Toyota haikusubiri. Gari lake la aina hiyo lilianza mwaka 1951 na kupewa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Katika miaka ya 1970 Land Cruiser ya petroli ilikuwa na injini ya silinda sita yenye ukubwa wa karibu mara mbili ya ile ya Land Rover. Australia ilihama, na Afrika ikafuata. Kwa Tanzania, uhaba wa fedha za kigeni baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ulifanya spea za kila gari kuwa adimu, na Land Rover nyingi za umma zikaishia juu ya mawe kwenye yadi za serikali. Mwaka 1983 Land Rover ilipoleta muundo wa 110 wenye springi za kuzunguka badala ya zile za majani, mnunuzi mkubwa wa magari ya kazi alikuwa amekwisha kubadili kambi.

Hadi Januari 2016 magari ya ukoo huu yaliyotengenezwa yalipita kidogo milioni mbili. Toyota ilitangaza mwaka 2019 kwamba Land Cruiser zilizouzwa duniani zimefika milioni 10. Ulinganisho huo hauko sawa kabisa, kwa kuwa hesabu ya Toyota inaingiza pia zile za kifahari, lakini pengo lenyewe ni kubwa mno kwa kisingizio hicho.

BEI YA JINA

Kwa wenye kufuatilia hisa, safari ya kampuni yenyewe ni somo la kipekee. Mwaka 1988 serikali ya Uingereza iliiuzia British Aerospace kundi zima la Rover, Land Rover ikiwemo, kwa pauni milioni 150. Miaka sita baadaye BMW ya Ujerumani ililipa pauni milioni 800 kwa sehemu ya asilimia 80. BMW ilishindwa kuliendesha, na mwaka 2000 ikalivunja kundi: Ford ikachukua Land Rover kwa takriban dola bilioni 2.7, na upande wa magari ya Rover ukauzwa kwa pauni 10. Si milioni kumi, kumi. Upande huo ulifilisika mwaka 2005.

Ford nayo ilipobanwa iliziuza Land Rover na Jaguar kwa pamoja kwa Tata ya India, mwaka 2008, kwa dola bilioni 2.3. Kiasi hicho hakifiki hata kile ilichotoa kwa Land Rover peke yake. Tata ilinunua wakati dunia inatumbukia katika mtikisiko wa fedha, na wengi waliibeza. Baadaye Range Rover na nduguze zikaleta faida kubwa. Defender mpya, iliyozinduliwa 2019 na kutengenezwa Nitra, Slovakia, imekuwa miongoni mwa bidhaa zake zinazouzwa zaidi. Hata hivyo gari hilo halina chesisi ya chuma iliyojitenga na bodi, na limejaa kompyuta. Mwenye 109 akiliona hulisalimu kwa heshima na kupita.

WANAVYOSEMA WALIO NAZO

Mzaha wa wamiliki ni kwamba Land Rover isipovuja oili, ujue oili imekwisha. Ndani ya mzaha huo mna gharama ya kweli, lakini oili ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Kubwa ni chesisi. Mnunuzi huangalia bodi, akaiona haina kutu, akaridhika. Kumbe aluminiamu haipati kutu kwa tabia yake na haimwambii chochote kuhusu chuma kilicho chini. Chesisi huoza kutokea ndani, hasa boriti ya nyuma na mikono inayoshika bodi. Kwa magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam chumvi ya bahari huharakisha kazi hiyo, na pale chuma kinapogusana na aluminiamu hutokea unga mweupe unaoila bati. Nyundo ndogo chini ya gari, kabla ya kupatana bei, hutoa habari nyingi kuliko mwendo wa saa nzima barabarani. Uingereza huuzwa chesisi mpya zilizochovywa katika zinki, lakini nauli na ushuru wake hufanya mradi huo uwe wa mwenye mapenzi zaidi kuliko mwenye biashara.

Jambo la pili ni mafuta. Ile ya petroli ya lita 2.25 huenda kilomita 5 hadi 7 kwa lita moja. Safari ya kilomita 300 basi inakula kati ya lita 43 na 60, na mwenye kubeba magunia machache anaweza kukuta faida yote imebaki kituo cha mafuta. Ndiyo maana 109 nyingi zilizoko barabarani hazina tena injini ya Solihull. Mafundi wamepandisha dizeli za Toyota, Nissan au Isuzu. Kuna wapenzi wanaoliona jambo hilo kuwa ni kufuru. Mchukuzi wa mizigo hajali, mradi gari linawaka alfajiri.

Kwa anayetaka gari la kazi lenye injini yake ya asili, wamiliki wengi huelekeza kidole kwa dizeli ziitwazo 200Tdi, iliyoingia kwenye Defender mwaka 1990, na 300Tdi iliyofuata mwaka 1994. Hazina kompyuta, na fundi wa pampu na nozeli wa mji wowote mkubwa anaziweza. Ulaji wake ni wa unafuu, kilomita 9 hadi 11 kwa lita zikiwa nzima. Tahadhari iko kwenye mkanda wa taimingi: baadhi ya 300Tdi za mwanzo ziliula mkanda huo kwa kutokaa sawa, na kiwanda kikatoa vifaa vya kurekebisha. Anayenunua aulize ulibadilishwa lini. Asipopata jibu, aingize gharama hiyo kwenye bei.

Mwaka 1998 ilikuja Td5, yenye nguvu zaidi na mwendo mtulivu, lakini inayoongozwa na umeme. Ugonjwa wake maarufu ni oili ya injini kupenya ndani ya nyaya na kusafiri hadi kwenye kompyuta. Mjini ni tatizo la siku moja. Loliondo au Maralal, ambako hakuna kifaa cha kuisoma kompyuta hiyo, ni tatizo la wiki. Zile za injini ya Ford, zilizotoka 2007 hadi mwisho, ziko katika fungu hilohilo.

SOKO LILIVYO

Nguvu mbili zinasukuma bei. Ya kwanza iko mbali. Marekani huruhusu gari la kigeni lisilotimiza kanuni zake kuingia likifikisha miaka 25, na Defender zote za 300Tdi za miaka ya 1990 zimekwisha kupita umri huo. Wanunuzi wa huko hufuata magari safi Ulaya, na bei wanayolipa ndiyo inayosomwa na wauzaji wa kwingineko. Kampuni yenyewe iliinusa harufu hiyo: mwaka 2018 ilitoa Defender 150 za zamani ilizozifufua na kuzitia injini ya V8, bei ikianzia pauni 150,000.

Ya pili iko karibu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Defender za mwisho za muundo wa zamani zimeuvuka umri huo. Idadi iliyoko Kenya kwa hiyo haiongezeki kwa njia ya kawaida ya biashara, itapungua tu. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya umri mkubwa, hivyo mlango haujafungwa ila una kizingiti kirefu. Spea bado zinapatikana, Gerezani jijini Dar es Salaam na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, zikiwemo halisi, zile za viwanda vingine zenye ubora unaokubalika, na feki. Tofauti ya bei kati ya beringi halisi na feki ni ndogo ukiilinganisha na ya kulifungua giaboksi mara mbili.

Asidanganyike mtu kwamba kila Land Rover kuukuu ni akiba. Iliyo nzima, yenye injini yake na karatasi zake, ina mnunuzi hata nje ya nchi. Iliyobadilishwa injini ina bei ya gari la kazi, na ni haki yake. Ile iliyooza chesisi inauzwa kwa thamani ya vipande vyake, hata iwe imepakwa rangi jana.

Hesabu ya mwisho hufanywa kwenye karatasi. Namba ya injini iliyopandishwa lazima iwe imeingizwa kwenye kadi ya gari, la sivyo uhamisho wa umiliki utakwama. Namba ya chesisi ya Defender, ambayo huanza kwa herufi SALLD, imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, na inapaswa kulingana na kadi herufi kwa herufi. Muuzaji anayesema kadi ameiacha kwa shemeji yake Moshi apewe nauli akaifuate, na fedha za gari zibaki mfukoni mpaka arudi.