KUVUKA CHALBI KWA GARI: PIMA ARDHI KWANZA

Ndugu wanakikundi, ukikodi gari kupeleka mahindi, dawa ya mifugo au mgonjwa kupitia Jangwa la Chalbi, maisha ya watu yako mkononi mwa dereva.

Chalbi iko Kaunti ya Marsabit, mashariki ya Ziwa Turkana. Zamani sana ilikuwa ziwa. Maji yalikauka, pakabaki uwanda wa chumvi na udongo laini. Wakati wa kiangazi juu huwa pagumu kama sakafu, na magari hupita kati ya Maikona, Kalacha na North Horr. Lakini pengine ganda hilo ni jembamba na chini kuna tope. Mvua ikinyesha hata mbali, maji huteremka yakajaa hapo.

Wengine husema, “Gari letu liko juu, tena ni la fowili, haliwezi kukwama.” Si kweli! Gari la juu husaidia kwenye mawe, maana tumbo haligongi. Kwenye tope uzito hulizamisha. Ekseli ikilala chini, magurudumu yote manne huzunguka bure.

Basi fanyeni hivi:

1. Waulizeni wachungaji wa mifugo kama mvua imenyesha. Kama imenyesha, ngojeni au mzunguke.

2. Mkiona udongo umebadilika rangi, simamisheni gari mahali pagumu. Mtu ashuke, atembee mbele. Mguu ukizama, gari litazama zaidi.

3. Kwenye mchanga, punguzeni upepo wa tairi. Kama ni paundi 35, shusheni hadi 20 hivi, mwende polepole. Tairi hutanuka, halizami upesi. Kabla ya mawe jazeni tena, lisipasuke. Kwa hiyo bebeni pampu.

4. Bebeni spea mbili, sepetu, mbao, na jeki pamoja na ubao wa kuiwekea chini. Maji yawe lita 5 au zaidi kwa kila mtu kwa siku, na ya siku 2 za ziada.

5. Acheni habari mtokako: njia gani, na saa ya kufika. Mahali pengi simu haishiki.

Gari likikwama, dereva asizidi kukanyaga mafuta. Chimbeni mbele ya magurudumu, mtie mbao. Likikataa, kaeni hapo hapo. Gari huonekana kutoka mbali na lina kivuli, lakini anayetembea kwenye jua kali huishiwa maji upesi.

Tahadhari kabla ya hatari.

Ya kujadiliana: Gari letu lisipofika, nani atajua, na atafanya nini?