Chumba cha Wawili: Meli za Kitalii na Fedha za Jubilei ya Ndoa

Mwaka 2024 Royal Caribbean iliwaripotia wanahisa wake kwamba meli zake zilijaa kwa zaidi ya asilimia 108. Carnival, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara ya meli za kitalii, ilitaja asilimia 105. Hakuna abiria aliyelazwa kwenye ngazi. Takwimu hizo hupita mia kwa sababu ya kanuni ya kuhesabu ambayo sekta nzima inaifuata: kila chumba, kiwe kidogo kisicho na dirisha au kikubwa chenye roshani, huhesabiwa kuwa cha watu wawili. Mtoto anayelala kwenye kitanda cha kukunjua ukutani, au mjukuu aliyetandikiwa kochi, ni ziada juu ya mia. Anayesafiri peke yake ni pengo, na mara nyingi hutozwa karibu nauli mbili ili pengo lizibwe. Kipimo cha msingi cha wahasibu wa kampuni hizi, basi, ni watu wawili wanaolala chumba kimoja. Na katika jozi zote zinazopanda meli, hakuna inayoifaa biashara hii kama mume na mke wa siku nyingi wanaosafiri kwa mara ya kwanza kusherehekea miaka 25, 30 au 40 ya ndoa. Matangazo huwaonyesha kama pambo, wameshikana mikono kwenye sitaha jua likizama. Mahesabu ya kampuni yanaonyesha kwamba wao ni jambo zito zaidi ya pambo.

Biashara hii kwa sura yake ya leo ina umri wa kama miaka 60 tu. Ndege za jeti zilipowapokonya wenye meli abiria wa kuvuka Atlantiki, meli zilibaki bila kazi, na mwaka 1966 Ted Arison, aliyezaliwa Tel Aviv, na Knut Kloster wa Norway walianza kuwauzia Wamarekani safari za Karibiani kutoka Miami. Walipokosana, Arison alianzisha Carnival mwaka 1972 kwa meli moja kuukuu, Mardi Gras, iliyokwama kwenye mchanga nje ya Miami katika safari yake ya kwanza kabisa. Kuanzia 1977 hadi 1986 televisheni ya Marekani ilirusha mfululizo wa The Love Boat, ambao hadithi zake zilitokea kwenye meli ya kampuni ya Princess, na kizazi kizima kikajifunza kwamba meli ni mahali pa mapenzi. Mwaka 2024, kwa hesabu za CLIA, chama cha kampuni hizi, abiria walikuwa milioni 34.6 duniani, dhidi ya milioni 29.7 mwaka 2019 kabla ya janga la korona. Bandari ya Miami peke yake ilipitisha zaidi ya milioni 8 katika mwaka wake wa fedha wa 2024. Carnival, Royal Caribbean, Norwegian na MSC ya familia ya Aponte wamegawana sehemu kubwa ya soko hilo.

Thamani ya kwanza ya wanandoa wa jubilei ni kalenda. Fungate hupangwa kwa haraka baada ya gharama za harusi, na likizo ya kawaida huahirishwa mambo yakibana, lakini tarehe ya kutimiza miaka 40 inajulikana miaka 40 kabla. Watu wenye tarehe isiyosogea hununua mapema, na kampuni hupenda kuwauzia katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka, msimu wake mkubwa wa mauzo, kwa safari za miezi mingi mbele. Wanalipa kianzio, kisha wanamaliza deni lote miezi miwili, mitatu au minne kabla ya kupanda. Fedha hizo hukaa kwa kampuni bila riba. Mwishoni mwa 2024 Carnival ilikuwa imeshika dola bilioni 6.8 za wateja waliolipia safari ambazo hawajasafiri. Benki yoyote ingefurahia amana kama hizo. Hatari yake ilionekana 2020, meli zilipofungwa na kampuni zikawashawishi wateja wapokee haki ya safari ya baadaye yenye nyongeza badala ya kurudishiwa fedha taslimu. Wengi walikubali, na Carnival, iliyopata hasara ya dola bilioni 10.2 mwaka huo, ilibaki hai, ingawa ililazimika pia kukopa kwa riba ya kuumiza.

Thamani ya pili ni moyo mkunjufu wa siku kubwa. Katika mapato ya Carnival ya 2024, kiasi cha dola bilioni 25, thuluthi moja hivi haikutoka kwenye tiketi. Ilitoka kwenye vinywaji, kamari, masaji, picha, migahawa ya kulipia, intaneti na matembezi ya bandarini. Royal Caribbean ilikusanya huko karibu asilimia 30. Fedha taslimu hazionekani melini: kadi ya mlango wa chumba ndiyo inayolipia kila kitu, na bili huja siku ya mwisho. Kanuni za bei nazo zimeshonwa kwa kipimo cha wawili. Kwenye kampuni kubwa za Marekani, mtu mzima mmoja akitaka kifurushi cha vinywaji vya kileo, mwenzake wa chumba kimoja kwa kawaida analazimika kununua chake pia, hata kama mama wa watu huyo kikomo chake ni glasi moja ya mvinyo usiku wa keki. Kampuni zenyewe husema ni kuzuia watu wasigawane glasi. Hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba kanuni hiyo humgeuza asiyekunywa kuwa chanzo cha mapato.

Kuna mahali ambapo ndoa imefika hadi kwenye usajili wa meli. Mwezi Oktoba 2011 Cunard, kampuni iliyozaliwa 1840 na yenye fahari ya Uingereza hadi kwenye rangi ya mabomba yake ya moshi, ilitangaza kuhamisha usajili wa Queen Mary 2, Queen Victoria na Queen Elizabeth kutoka Southampton kwenda Hamilton, Bermuda. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba sheria ya Uingereza haimruhusu nahodha kufungisha ndoa baharini na ya Bermuda inamruhusu. Soko la harusi na la kurudia viapo lilikuwa limekwisha kuchangamkiwa na washindani wao. Kampuni haibadilishi jina la bandari lililoandikwa mkiani mwa meli kwa ajili ya wateja wachache wa hisani.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanandoa wenyewe: wanapata thamani ya fedha zao, kuna ubaya gani? Tuifanye hesabu kwa mfano wa kubuni ulio karibu na bei za Karibiani. Tiketi ni dola 800 kwa kila mmoja, usiku saba, jumla 1,600. Bakshishi inayokatwa moja kwa moja, dola 16 kwa mtu kwa siku, ni 224. Kifurushi cha vinywaji cha dola 70 kwa mtu kwa siku ni 980. Matembezi mawili ya dola 50 kwa kila mmoja ni 200. Jumla ni dola 3,004 bila kodi za bandari, na tiketi waliyoiona kwenye tangazo ni zaidi kidogo tu ya nusu yake. Hata hivyo, ukiigawa ni kama dola 430 kwa usiku kwa watu wawili, pamoja na kula, kulala, maonyesho na kusafirishwa kutoka kisiwa hadi kisiwa, tena bila kufungua mabegi zaidi ya mara moja. Hoteli nzuri ya ufukweni Florida yenye chakula chote haiwezi kushindana kwa urahisi na bei hiyo. Pingamizi lina nguvu, nami nalikubali. Ila bei hiyo imewezekana kwa sababu kuna gharama ambazo hoteli ya Florida inabeba na meli haibebi. Meli nyingi hupeperusha bendera za Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Kifungu cha 883 cha sheria ya kodi ya Marekani huzisamehe kampuni za nje kodi ya mapato yatokanayo na usafirishaji wa kimataifa, iwapo nchi zilikosajiliwa nazo zinatoa msamaha kama huo. Anayewatandikia kitanda ni Mfilipino, Muindonesia au Muhindi mwenye mkataba wa miezi mingi mfululizo, chini ya mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unaoruhusu hadi saa 72 za kazi kwa wiki. Vijana wa Kenya nao wameingia kwenye foleni hiyo, wengine kupitia ajira za MSC. Kwa familia nyingi za Mombasa na Kilifi hiyo ni kazi ya maana kuliko zilizopo nyumbani, na sioni sababu ya kuibeza.

Pingamizi la pili ni la wachambuzi wa hisa. Watasema wazee ni soko la jana, kwa kuwa wastani wa umri wa abiria umeshuka hadi miaka 46 hivi, na meli mpya ni viwanja vya michezo. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024 kwa gharama ya karibu dola bilioni 2, inaweza kubeba abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350, na ina bustani nzima ya maji yenye mabomba ya kuteleza. Mzee wa miaka 65 hakuja kwa ajili ya bomba la kuteleza. Lakini aliyelipia ni nani? Safari nyingi za vizazi vitatu huanzia kwenye tarehe ya babu na bibi: wao ndio wenye sababu ya kuwakusanya watoto, na mara nyingi ndio wenye akiba. Vyumba vitatu vinakatwa kwa jina la jubilei moja, wajukuu wanalala kwenye vitanda vya kukunjua, na hapo ndipo asilimia 108 inapopatikana. Meli za vijana zimeongeza wateja kwenye kipimo kilekile cha zamani bila kukivunja.

Tatizo zito zaidi liko nchi kavu. Kampuni ikishajua kwamba wanandoa hawa wako tayari kutumia, inataka watumie ndani ya uzio wake. Royal Caribbean iliweka dola milioni 250 kwenye kisiwa chake cha CocoCay huko Bahamas kilichofunguliwa upya 2019, na Carnival ikatumia takriban milioni 600 kwa Celebration Key, Grand Bahama, iliyofunguliwa Julai 2025. Abiria anashuka bandarini na bado ananunua kwa mwenye meli. Bandari za kawaida zimeanza kujibu. Venice ilizuia meli kubwa kupita mfereji wa Giudecca kuanzia Agosti 2021. Wapiga kura wa Bar Harbor, Maine, waliamua 2022 kwamba wanaoshuka wasizidi 1,000 kwa siku. Ugiriki inatoza euro 20 kwa kila anayeshuka Santorini na Mykonos katika msimu wa joto. Mexico ilitaka dola 42 kwa kichwa, ikabanwa, ikakubali kuanza na dola 5 mwaka 2025.

Pwani yetu iko pembezoni mwa biashara hii, na muda mrefu ilikuwa nje kabisa. Novemba 2005 meli ya Seabourn Spirit ilishambuliwa na maharamia nje ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, ikageuza kwenda Shelisheli, na ratiba za Afrika Mashariki zikanyauka kwa miaka. Siku hizi meli zimerejea kwa idadi ndogo: Norwegian Dawn, yenye nafasi ya abiria kama 2,300, ilifunga gati Mombasa mapema 2024, na Zanzibar nayo hupokea wageni wa namna hiyo. Maofisa huwapokea kwa ngoma na kutangaza idadi ya vichwa. Kichwa ni kipimo kibovu. Mgeni amekunywa chai melini, atarudi kula melini, na matembezi ya Ngome ya Yesu au Shimba Hills mara nyingi ameyanunua kwa dawati la meli, ambalo hujiwekea sehemu yake kabla dereva wa Mombasa hajawasha gari. Anayetaka kujua bandari inapata nini ahesabu saa ambazo meli inakaa gatini na kama inalala. Jozi ya watu wazima wenye akiba, wakipewa usiku mmoja nje ya meli, wanaweza kulala Tsavo au Mji Mkongwe na kuacha fedha zisizopita kwenye kadi ya chumba. Wanandoa wa Nairobi au Dar es Salaam wanaotaka kusherehekea jubilei yao baharini, kwa upande wao, karibu kila mara watalazimika kwanza kupanda ndege kwenda Durban, Dubai au Barcelona, na kwa safari ya Mediterania kuomba viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja iwapo meli itatoka na kurudi katika eneo hilo. Tiketi ya dola 800 huwa imekwisha kuongezeka maradufu kabla hawajaiona bahari.

Upungufu wa mfumo huu hujitokeza pale jozi inapovunjika. Kampuni imetumia miaka ikiwapandisha ngazi za uteja, ikiwauzia kianzio cha safari ijayo wakiwa bado melini, na kisha mmoja anafariki. Anayebaki bado anaipenda bahari, anawafahamu wahudumu, ana muda na pensheni, ila sasa anatakiwa kulipa karibu nauli mbili kulala peke yake. Norwegian ililiona soko hilo mapema kuliko wenzake na kuweka vyumba 128 vya mtu mmoja kwenye Norwegian Epic mwaka 2010. Vyumba vya aina hiyo vimeongezeka tangu hapo, lakini bado ni sehemu ndogo sana ya meli, kwa kuwa nafasi ileile ikijengwa chumba cha wawili huleta bili mbili za vinywaji. Royal Caribbean hutoa pointi moja ya uteja kwa kila usiku wa kawaida. Mjane aliyelipia chumba kizima hupewa mbili.