Geji tatu chini ya dashibodi: Kinachookoa injini ya Mustang ya zamani

KIJANA anayeketi ndani ya Ford Mustang ya 1965 kwa mara ya kwanza hutarajia dashibodi iliyojaa mishale kama ya ndege. Jina la gari ni kubwa, ngurumo ya V8 anaijua, na picha zake amezitazama kwenye simu hadi bando ikaisha.

Anachokikuta ni kitu kingine kabisa. Mustang ya kawaida ya mwaka huo ilikuja na spidomita ndefu iliyolala, iliyoazimwa kutoka kwa Ford Falcon, na geji mbili ndogo: ya petroli na ya joto. Presha ya oili? Taa nyekundu. Chaji ya betri? Taa nyekundu pia. Basi.

Wamarekani wenyewe huziita taa hizo kwa kejeli "taa za wajinga". Kampuni ya Hudson ilianza kuzitumia miaka ya 1930, na kufikia miaka ya 1960 viwanda vingi vya Detroit vilikuwa vimezikumbatia. Sababu haikuwa fumbo. Taa ni rahisi kuliko geji, na dereva wa kawaida hakutaka kusumbuliwa na namba.

Tatizo ni kwamba taa ya oili haiwaki presha inapoanza kushuka. Huwaka ikiwa imebaki pauni 5 hadi 7 hivi kwa kila inchi ya mraba, ilhali V8 yenye afya ikiwa barabarani huwa na pauni 40 au zaidi. Kati ya 40 na 6 kuna stori ndefu ambayo dereva hasimuliwi: oili imepungua, pampu imechoka, beringi zimelika. Taa ikikuwakia ukiwa mwendo wa kasi, wakati unatafuta pa kuegesha injini ishaenda.

Na usidhani hilo ni jambo la wazee wa Marekani pekee. Chungulia dashibodi ya magari mengi madogo ya Kijapani yanayojaa barabara zetu. Presha ya oili ni taa tu, na mengine hata geji ya joto hayana.

Ndiyo maana vijana wa Marekani wa enzi hizo walikuwa wakienda duka la spea na kununua geji za ziada. Walizifunga kwenye bamba dogo la chuma chini ya dashibodi, mbili au tatu kwa mstari: oili, joto na chaji. Jina lililotawala lilikuwa Stewart-Warner, kampuni ya Chicago. Aliyependa mbio aliongeza takometa ya Sun, nayo ya Chicago vilevile, akaifunga juu ya dashibodi au kwenye nguzo ya usukani ili aone injini inazunguka mara ngapi kwa dakika.

Ford nao walikuwa wakiuza kifaa chao cha ziada, Rally-Pac: takometa upande mmoja na saa upande wa pili, vyote vikiwa vimekalia nguzo ya usukani. Takometa hiyo ilikuwa na uso wa mizunguko 6,000, na ile ya 8,000 kwa injini kali ya nguvu-farasi 271. Hadi leo kuna watu wanaosaka Rally-Pac halisi kama wanaosaka dhahabu. Hata Carroll Shelby, aliyekuwa akichukua Mustang na kuzigeuza kuwa magari ya mbio, aliweka geji za Stewart-Warner za oili na chaji chini ya dashibodi ya GT350 na GT500 za 1967.

Kenya nayo ina kipande chake katika habari hii. Mwaka wa 1964 Wamarekani walileta magari ya Mercury Comet, binamu wa Falcon na Mustang, kushiriki East African Safari. Barabara zetu ziliyatandika. Mengi hayakufika mwisho, na ushindi ukaenda kwa Peter Hughes na Bill Young ndani ya Ford Cortina GT, gari dogo la Uingereza.

Sasa turudi chini ya dashibodi. Leo anayefufua Mustang ya 1965 anaweza kununua geji za kidijitali zenye rangi zote za disko. Zitafanya kazi, tena vizuri. Lakini zitalifanya gari lifanane na bibi aliyevaa raba za mwanariadha. Wapenzi wa magari ya kale hutaka geji ya enzi ya gari lenyewe: maandishi, mshale, kioo na ukingo wa kromu ambao mnunuzi wa 1965 angeukuta dukani. Katika mashindano ya Concours d'Elegance, yakiwemo yale ya Nairobi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, majaji hukagua gari hadi uvunguni. Kitu cha 2010 ndani ya gari la 1965 hakiwezi kujificha.

Kanuni ya kwanza ni hii: usitoboe dashibodi. Bamba la geji lina masikio ya skrubu, na mara nyingi unaweza kutumia matundu ambayo tayari yapo kwenye ukingo wa chini. Geji hutolewa na kurudishwa. Tundu ulilotoboa kwenye chuma cha 1965 litabaki hapo hata baada yako.

Pili, geji na sensa yake ni mume na mke. Hapa ndipo wengi huumia. Geji ya petroli ya Stewart-Warner husoma sensa yenye omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Ya Ford ya wakati huo ni omu 73 tupu na 10 ikijaa. General Motors kuanzia 1965 walitumia 0 tupu na 90 ikijaa, yaani kinyume kabisa. Changanya hizo mbili na geji itakuambia tangi limejaa huku gari linazimika Mlima Longonot ukiwa mbele yako. Geji za umeme za oili na joto zina sheria hiyo hiyo: nunua geji na sensa yake pamoja, au usinunue.

Kuna mtego mwingine ndani ya Ford. Geji zake za kiwandani hazili volti 12. Nyuma ya dashibodi kuna kifaa kidogo kinachowasha na kukata umeme haraka haraka hadi wastani uwe kama volti 5. Ukichomoa waya hapo kulisha geji yako ya Stewart-Warner, mshale utalala chini na wewe utalaumu muuzaji. Tafuta waya wenye volti 12 kamili ambao hupata umeme ufunguo ukiwashwa, na uweke fyuzi.

Mimi nikiambiwa nichague geji moja tu, nachukua ya oili, tena ile isiyotumia umeme. Ndani yake mna kibomba cha shaba kilichopinda kama herufi C. Oili ikiingia kwa presha, kibomba hujaribu kunyooka na kuusukuma mshale. Eugène Bourdon wa Ufaransa alikipatia hataza mwaka wa 1849, na hadi leo kinadunda. Haihitaji waya wala fyuzi, na haidanganyi kirahisi.

Ubaya wake ni kwamba oili ya moto inaingia ndani ya gari, karibu na miguu yako. Mrija wa shaba hukakamaa na kupasuka kwa mtikisiko wa injini, hivyo upinde mviringo mmoja au miwili karibu na injini ili uweze kucheza. Mrija wa plastiki hautapasuka, lakini ukigusa ekzosi utayeyuka, na oili juu ya ekzosi ni moto. Kwenye V8 ya Ford ya inchi 289, tundu la oili liko upande wa kushoto mbele, karibu na filta. Usiitupe swichi ya taa nyekundu. Weka kiungo chenye umbo la T ili taa na geji zifanye kazi pamoja. Tepu nyeupe ya mafundi bomba itumie kidogo sana, maana swichi hupata ethi kupitia meno yake, na ukiizungushia tepu kama bandeji itanyamaza.

Geji ya joto ya kimitambo inataka subira. Ina mrija mwembamba uliounganishwa moja kwa moja na kidude kinachozama kwenye maji ya injini, na ndani yake mna kimiminika kinachopanuka kikipata joto. Mrija huo haukatwi, haufupishwi, haukunjwi kwa koleo. Ukivunjika, geji imekufa. Tundu kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva lazima litoshe kidude na nati yake, na liwekewe raba ili chuma kisiukate mrija. Urefu unaobaki uzungushe taratibu.

Halafu kuna amita, na hapa nitakosana na wapenzi wa uhalisia. Amita ya zamani ya dukani hupitisha chaji yote ndani yake: waya mnene kutoka upande wa injini hadi kwenye dashibodi, kisha mwingine kurudi, mara nyingi bila fyuzi yoyote. Nati ikilegea pale nyuma, joto hupanda. Wenye magari ya Chrysler ya miaka hiyo wanaujua vizuri ugonjwa huo wa waya kuyeyuka. Mimi ningeweka voltimita yenye uso wa kizamani. Ina waya mbili nyembamba tu. Betri nzima injini ikiwa imezimwa husoma volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma kama 14. Jaji akinuna, anune. Anayeng'ang'ania amita atumie waya mnene, aweke kinga ya fyuzi karibu na betri, na akaze nati kila mara.

Takometa ya Sun ya miaka ya mwanzo ina visa vyake. Baadhi hutegemea kisanduku cha pembeni ambacho ni lazima kilingane na idadi ya silinda, na kina betri ndogo za zebaki zisizouzwa tena. Ukinunua uso bila kisanduku umenunua pambo la sebuleni.

Kabla ya yote haya, chomoa waya hasi wa betri. Ukimaliza, urudishe kisha washa injini huku mwenzako akimulika tochi kwenye viungo vya oili. Mshale wa oili unapaswa kuinuka ndani ya sekunde chache. Usipoinuka, zima papo hapo. Ukiinuka, iache injini ipate moto, pangusa kila kiungo kwa karatasi nyeupe, na utazame presha ikishuka taratibu kadiri oili inavyokuwa nyepesi. Kushuka huko ni kawaida. Andika namba unazoziona injini ikiwa baridi, ikiwa moto, na barabarani, kisha uweke karatasi hiyo ndani ya gari. Baada ya wiki moja ya kuendesha, rudi chini ya dashibodi na spana.