Sarafu za Pwani na Thamani Zake Tatu

Kila sarafu hubeba thamani tatu ambazo ni nadra kulingana: ya kwanza ni ile iliyopigwa chapa juu yake na dola iliyoitoa, ya pili ni bei ya madini yaliyomo ndani yake iwapo itayeyushwa, na ya tatu ni kiasi ambacho mkusanyaji yuko tayari kukitoa ili aipate kama ilivyo. Ukusanyaji wa sarafu, ambao kwa wengi ni burudani na kwa baadhi ni njia ya kuweka akiba, umejengwa juu ya tofauti iliyopo kati ya thamani hizo. Pwani ya Afrika Mashariki ni mahali panapofaa sana kujifunzia jambo hili, kwa kuwa katika muda usiozidi karne moja watu wake walihesabu mali zao kwa reale, kwa rupia, kwa florini na hatimaye kwa shilingi, na kila mfumo ulipoondoka uliacha vipande vyake katika masanduku ya wazee, katika karakana za masonara na katika majumba ya makumbusho.

Katika karne ya 19 sarafu iliyoaminiwa kuliko nyingine kuanzia Uhabeshi na Bahari ya Shamu hadi Oman na Zanzibar ilikuwa reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Wafanyabiashara walikuwa wameizoea kiasi cha kukataa sarafu yoyote iliyotofautiana nayo hata kidogo, na kwa sababu hiyo viwanda vya sarafu viliendelea kuipiga kwa sura ileile na mwaka uleule wa 1780, kwanza katika milki ya Austria na baadaye katika miji ya mbali kama Rome, London na Bombay. Mwaka 1935 Italia, iliyokuwa ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilijipatia kutoka Austria haki ya kuipiga, na muda mfupi baadaye Uingereza nayo ikaanza kuipiga London ili biashara yake katika Bahari ya Shamu isikwame. Waswahili waliiita reale ya Sham, wakiitenganisha na reale ya mzinga, yaani sarafu ya Kihispania yenye nguzo mbili ambazo machoni pao zilifanana na mizinga.

Uzito wa reale hiyo ni gramu 28.07, na kati ya sehemu 1,000 za uzito huo 833 ni fedha halisi na zinazosalia ni shaba, maana yake ni kwamba kila kipande kina fedha safi inayokaribia gramu 23.4. Uhakika huo ndio ulioifanya iwe benki ya watu wasio na benki: mwanamke wa Zanzibar au wa Muskati aliyempelekea sonara reale zake ili zifuliwe bangili au mkufu hakuwa amezipoteza, kwani uzito wa fedha ulibaki mkononi na shingoni mwake, na siku ya dhiki pambo hilo liliweza kupimwa na kuuzwa kwa mizani. Kwa mkusanyaji wa leo, hata hivyo, mwaka 1780 ulioandikwa juu ya sarafu haumwambii chochote kuhusu umri wake, na kazi yake huanzia kwenye mambo madogo ambayo jicho lisilozoea hupita juu yake, kama vile umbo la kishikizo cha vazi begani pa Maria Theresa na mpangilio wa manyoya katika mkia wa tai aliye upande wa pili. Kipande kilichopigwa katika karne ya 20 huuzwa kwa bei iliyo juu kidogo ya bei ya fedha iliyomo, ilhali kile kinachothibitishwa kuwa cha enzi ya Maria Theresa mwenyewe kinaweza kupata bei kubwa zaidi, ingawa fedha iliyomo ni ileile.

Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa sarafu zake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882 wa Miladia. Pesa zake za shaba, zenye picha ya mizani, zilienea sana na mpaka sasa hupatikana kwa bei nafuu, lakini reale zake za fedha ni chache, na zile za dhahabu ni chache zaidi. Baada yake zikaja rupia za kampuni ya Kiingereza iliyokuwa Mombasa na zile za kampuni ya Kijerumani, zote zikifuata uzito wa rupia ya India wa gramu 11.66, kwa kuwa rupia ya India ndiyo iliyokuwa tayari imetawala masoko na hakuna aliyethubutu kuwaletea wafanyabiashara kipimo kigeni. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao katika heller 100 badala ya pesa 64 za awali.

Hakuna sarafu ya eneo hili inayozungumzwa na wakusanyaji kuliko ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, na inastahili kuelezwa kwa kirefu. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imelikatia koloni la Wajerumani njia ya baharini, fedha za kuwalipa askari na wachukuzi zikapungua, na noti za dharura zilizochapishwa nchini hazikuwatia watu moyo. Dhahabu ilikuwapo katika mgodi wa Sekenke, na mafundi walikuwapo katika karakana za reli, hivyo kiwanda kidogo cha sarafu kikaanzishwa katika mji ambao haukuwahi kuwa na kazi ya namna hiyo. Sarafu iliyotoka humo ina uzito wa gramu 7.168, robo tatu yake ikiwa dhahabu safi, na upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, chini yake ikiwapo herufi T ya Tabora. Jumla ya vipande 16,198 vilipigwa kabla ya majeshi ya Ubelgiji kuuteka mji huo Septemba 1916. Leo kipande kilichohifadhiwa vizuri huuzwa kwa bei inayoizidi mara kadhaa bei ya dhahabu yake, kwa sababu idadi yake inajulikana, kisa chake kimethibitishwa, na wanaokitaka wako Ujerumani na Afrika Mashariki, na pia miongoni mwa wapenzi wa sarafu za vita popote walipo.

Kinachofundisha zaidi ni kwamba katika mji huohuo na mwaka huohuo zilipigwa pia heller 20 za shaba, baadhi kwa madini ya maganda ya risasi na mizinga, na hizo, kwa kuwa zilipigwa kwa mamia ya maelfu, bado zinaweza kununuliwa na mtu wa kipato cha kawaida. Historia ni moja, dhiki iliyozizaa ni moja, na hata mafundi yumkini walikuwa walewale, lakini bei zinatengana mno. Mkusanyaji anayeanza angefanya vyema kuitafuta heller hiyo ya shaba kabla ya kuota dhahabu, kwani itamfundisha kila anachohitaji kujua kuhusu Tabora bila kumfilisi.

Dhana kwamba sarafu ya zamani lazima iwe ghali ni kosa ambalo limewaumiza wengi. Edward VIII alitawala Uingereza kwa muda usiotimia mwaka mmoja, ndani ya mwaka 1936, kabla ya kujiuzulu, na nyumbani kwake sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni, lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka huo, ambazo zilitobolewa katikati na kwa hiyo hazikuhitaji sura ya mfalme, zilipigwa kwa jina lake kwa mamilioni. Ni sarafu zenye historia adimu, na bado bei yake ni ndogo, kwa sababu uadimu wa historia si uadimu wa idadi. Kinyume chake ni senti za Zanzibar za mwaka 1908, za wakati wa Sultani Ali bin Hamud, ambazo hazikudumu katika mzunguko na nyingi zikarudishwa kuyeyushwa, hivyo zilizosalia hugombaniwa minadani ingawa madini yake ni ya kawaida kabisa.

Jambo la tatu baada ya madini na uadimu ni hali ya sarafu. Wakusanyaji wa kimataifa hutumia kipimo cha alama 1 hadi 70, kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, ambapo 70 ni sarafu isiyo na kasoro hata ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia. Katika kipimo hicho adui mkubwa wa sarafu ni mwenye nyumba mwenye bidii ya usafi: utando wa rangi ya kijivu, kahawia au buluu unaojijenga juu ya fedha na shaba kwa miaka mingi huikinga sarafu na huthibitisha umri wake, na anayeusugua kwa majivu, ndimu au dawa ya meno huondoa pamoja nao sehemu kubwa ya bei, tena bila njia ya kuirudisha. Sarafu hushikwa kwa ukingo, huwekwa mahali pakavu, na mifuko ya plastiki laini huepukwa kwa sababu baadhi yake hutoa kemikali zinazoila shaba, hatari ambayo joto la pwani huizidisha.

Ughushi nao haukwepeki, na njia za kwanza za kuutambua hazihitaji maabara. Fedha na dhahabu hazivutwi na sumaku; uzito hupimwa kwa mizani ya sonara; na sarafu ikitundikwa kwa uzi ndani ya maji, tofauti ya uzito wake hewani na majini huonyesha msongamano wake, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule. Reale halisi ya Maria Theresa huwa na msongamano wa takriban 10.2, wakati shaba ya njano haifiki 9.

Swali la akiba halina jibu moja. Sarafu ya dhahabu ya Tanzania ya mwaka 1974, iliyotolewa katika mfululizo wa kuhifadhi wanyamapori na yenye picha ya duma, iliandikwa shilingi 1,500. Noti za kiasi hicho zilizowekwa kabatini tangu wakati ule zimepoteza karibu nguvu yake yote ya kununua, lakini sarafu hiyo bado ina dhahabu safi ya gramu 30. Upande wa pili ni fedha, ambayo mwanzoni mwa 1979 iliuzwa kwa takriban dola 6 za Marekani kwa aunsi, yaani gramu 31.1, ikapanda hadi karibu dola 50 Januari 1980, kisha tarehe 27 Machi ikaporomoka chini ya dola 11, na aliyenunua kileleni alilazimika kusubiri zaidi ya miaka 30 ili bei ile ionekane tena. Sarafu haizai faida ya mwaka kama amana ya benki, na muuzaji wa sarafu hununua kwa bei ya chini kuliko anayouzia, hivyo atakayeuza baada ya miezi michache karibu kila mara hupata hasara. Ni mali ya kushikwa kwa miaka mingi, na mwenye nayo awe amewaandikia warithi wake kila kipande ni nini, kilinunuliwa wapi na kwa bei gani, kwa sababu mkusanyiko usio na maelezo huishia kwa sonara na kuyeyushwa kwa uzito wake.

Maelezo ya asili yana uzito mkubwa zaidi kwa sarafu za kale za masultani wa Kilwa na wa Pemba. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walichimbua hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zilizochanganyika na dinari za dhahabu za Ukhalifa wa Fatimiya, na kwa kuwa zilikuwa bado pamoja ardhini iliwezekana kuthibitisha kwamba watawala wa visiwa hivyo walipiga fedha yao wenyewe katika karne ya 11. Sarafu moja ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa ilipatikana Great Zimbabwe, na kwa sababu mahali ilipookotwa panajulikana, kipande hicho kidogo ni ushahidi wa biashara ya dhahabu kati ya bara na pwani katika karne ya 14. Kingeuzwa sokoni bila maelezo hayo, kingebaki shaba iliyochakaa. Kwa sababu hiyo sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba magofu kwa ajili yake mwenyewe, na anayeokota sarafu ya namna hiyo shambani au ufukweni anatakiwa kuitolea taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale kabla haijasafishwa wala kuhamishwa.