Kiwanja Kitupu Kina Wenyewe

Kila Desemba mabasi yaelekeayo magharibi kutoka Nairobi huwabeba watu wengi wenye nia moja, yaani kwenda kutayarisha mahali pa kujenga nyumba mashambani. Likizo iliyopita nami nilikuwa miongoni mwao. Nilikwenda kwetu Kano, katika tambarare iliyo mashariki ya mji wa Kisumu, nikiwa nimekwisha kulipia trekta na mpima ardhi. Kichwani nilikuwa na sentensi moja tu: nitasafisha kiwanja, kisha nijenge.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuyachunguza maneno. Ajabu ni kwamba sikuwahi kulichunguza neno hilo "kusafisha". Kisafishwacho ni kichafu. Asemaye kwamba anasafisha kiwanja amekwisha kuhukumu kuwa kila kilichomo ni taka: nyasi, mti, ua wa minyaa, hata muhogo wa mtu.

Muhogo wenyewe ulikuwa wa dadangu. Alirejea nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, na tangu hapo amewalisha wanawe wawili kutokana na mwinuko mdogo ulio nyuma ya nyumba ya mama. Mwinuko huo ndio nilioutamani, na nilikuwa na sababu. Udongo wa Kano ni mweusi na mzito. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na mvua inyeshapo hufura na kuzisukuma kuta. Isitoshe, mto Nyando hufurika. Katika masika ya mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba nyingi za tambarare ile, ilhali muhogo wa dadangu ulisimama pakavu.

Ami yangu alinikuta nikivitazama vigingi vya mpimaji. Alinionyesha kwa bakora mkondo wa zamani ambao sasa umejaa nyasi, akaniambia, "Mwanangu, mtu wako amepima ardhi, maji hakuyapima." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama nilikuwa nimezungumza na mwenye muhogo.

Sikuwa nimezungumza naye. Jioni ile dadangu aliniandalia chakula, akangoja nimalize. "Ndugu yangu," akasema, "trekta lako litakapokuja, mimi na watoto tusimame wapi?" Kwa shahada zangu zote sikuwa na jibu.

Kwa hakika hata sheria haikuwa upande wangu. Hatimiliki ya shamba letu ingali ina jina la marehemu baba. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamkataza mtu asiyeidhinishwa kuingilia mali ya marehemu, na katika mgao haimtengi mtoto wa kike na wa kiume. Basi vigingi vyangu, vilivyopendeza kwa rangi yake nyekundu, havikuwa na uzito wowote.

Wako watakaosema kwamba mila ya Wajaluo haimpi binti mahali pa kujenga katika boma la babake. Siidharau mila. Lakini mila hiyo hiyo hufundisha kwamba mwanamume haanzishi mji wake peke yake. Aghalabu huandamana na mzee wa ukoo, mwanawe wa kwanza akibeba shoka, mkewe akibeba moto, na jogoo akiwamo. Mkutano huo wa alfajiri una maana gani, ikiwa si kukiri kwamba mji huanza kwa watu kabla ya kuanza kwa mawe?

Tuliketi chini ya mkuyu, mama akiwa katikati. Ilikubaliwa kwamba kwanza twende mahakamani sote, majina ya watoto wote yakiwa katika ombi moja. Sehemu ya juu ya mwinuko itakuwa ya dadangu, naye atajenga. Mimi nitashuka upande wa pili, mbali na mkondo. Huko itanibidi niuondoe udongo mweusi, nijaze changarawe na kuishindilia, niinue msingi, na nichimbe mtaro wa kuyapisha maji. Visiki vitang'olewa pamoja na mizizi, kwa kuwa mzizi uozao huacha pengo chini ya nyumba na kukaribisha mchwa. Gharama itaongezeka, wala sitajifanya kwamba hainiumi.

Msomaji unayejiandaa kujenga kwenu, wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla hujamwita mwenye trekta, waulize wazee maji hupita wapi, itazame hatimiliki ina jina la nani, kisha umtafute yule ambaye jembe lake limo shambani. Mimi nilianza na trekta, nikaipoteza amana yangu.

Muhogo ungali pale. Utavunwa msimu wake utakapofika, na mvunaji ni dadangu.